Mtoto na Nyumba ya Tatu

Yako maswali matatu ambayo mtoto wa wazazi walioachana huulizwa kila arudipo kutoka upande wa pili. La kwanza, "Mlikula nini?" La pili, "Nani alikuwapo?" La tatu hungoja kidogo, kisha huulizwa kwa sauti ya chini, "Na mimi nilisemwaje?" Mzazi anayeuliza hudhani kwamba anazungumza na mwanawe, kama wazazi wote wazungumzavyo na watoto wao. Lakini mtoto, hata akiwa wa miaka saba tu, hutambua upesi kwamba hayo si mazungumzo. Ametumwa kupeleleza bila kuambiwa, na sasa anadaiwa taarifa. Akisema kwamba walikula wali na kuku, ataambiwa, "Kumbe pesa ipo, ila ya sare zako ndiyo haipo!" Akisema kwamba walikula ugali wa muhogo na kisamvu, ataambiwa, "Umeona? Nilisema mimi, hana uwezo wa kukulisha." Baada ya safari mbili tatu za namna hiyo mtoto hujifunza jibu moja lililo salama kuliko yote, nalo ni "Sijui." Ndipo mzazi alalamikapo kwa majirani kwamba mtoto siku hizi amekuwa msiri, na kwamba bila shaka amefundishwa huko atokako.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunapolizungumza jambo hili hukimbilia methali ya tembo wawili wapiganao na nyasi zinazoumia. Methali hiyo ni ya kweli, lakini katika habari hii haitoshi. Nyasi huumizwa tu. Haziulizwi zinampenda tembo yupi. Mtoto huulizwa, tena huulizwa kila juma.

Leo tutawatazama watoto wa Mtwara na pwani yake, kuanzia Mikindani hadi Msanga Mkuu, Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mlango wa Mto Ruvuma. Asifikiri mtu kwamba tumewachagua watu wa huko kwa kuwa wanaachana kuliko wengine. Talaka ziko Tanga, ziko Mwanza, na Dar es Salaam ndiyo usiseme. Tumeichagua Mtwara kwa kuwa huko mtoto mmoja huweza kudaiwa kwa sheria tatu kwa wakati mmoja, na wazazi wanaoshindana huchagua kila mmoja ile impayo ushindi siku hiyo. Tena huko kulikuwa, na kwa kiasi fulani bado kuko, na kitu ambacho mtoto wa mjini wa leo aghalabu hanacho, nacho ni nyumba ya tatu: makao ambayo hayaanguki ndoa ya wazazi inapoanguka.

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao ni sehemu kubwa ya wenyeji wa mikoa ya Mtwara na Lindi, ni watu wa kuukeni. Mtaalamu J. A. R. Wembah-Rashid alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima juu ya historia ya watu hao. Kwa desturi zao mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake katika mambo makubwa ni mjomba. Zamani mara nyingi mume ndiye aliyehamia ukweni, au walau aliianza ndoa kwa kuwalimia wakwe. Ndoa ilipovunjika, mwanamume alifunga mzigo wake akaenda zake. Mtoto alibaki pale pale penye bibi, mama mkubwa, mama mdogo na mjomba. Akala chungu kile kile, akalala mkeka ule ule. Wazee wa huko hawafichi kwamba watu waliachana. Lakini talaka ya wakati ule kwa kawaida ilimwondolea mtoto mtu mmoja, haikumwondolea makao.

Tusiyapambe mambo hayo kupita kiasi. Mjomba aliweza kuwa mkali kuliko baba yeyote, na mtoto hakuwa na pa kumshitakia. Baba aliyempenda mwanawe aliweza kujikuta mgeni mbele yake, akimwona kwa kubahatisha. Hata hivyo swali la "Wewe ni wa nani?" halikumsumbua mtoto, kwani lilikwisha kujibiwa kabla hajazaliwa.

Juu ya mila hiyo imekuja dini. Pwani hiyo Waislamu ni wengi, na fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ifuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, humpa mama haki ya kumlea mtoto mdogo mpaka afikie umri wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa kama miaka saba. Hapo mtoto hupewa hiari ya kumchagua mmoja wao. Mama akiolewa na mtu baki, haki yake hiyo huweza kumwondokea. Na wakati wote huo, chakula na mavazi ya mtoto ni juu ya baba.

Kisha ikaja sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama itazame kwanza kabisa ustawi wa mtoto, ndipo itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa umri wake unamwezesha kutoa maoni kwa hiari yake, na desturi za jamii yao. Inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Ila dhana hiyo huweza kupingwa, na hakimu hukumbushwa kwamba si vema kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka pia ikumbukwe kwamba ni vizuri ndugu wakae pamoja, na kwamba malezi ya mtoto yasikatizwekatizwe. Aidha inampa mtoto aliye kwa mzazi mmoja haki ya kumtembelea mwingine. Haki hiyo, tafadhali itazame vizuri, ni ya mtoto. Haikuandikwa kuwa tuzo ya baba aliyelipa, wala kunyimwa kwake hakukuwekwa kuwa adhabu ya baba asiyelipa.

Msomaji ataona kwamba dini na serikali zinakutana katika umri wa miaka saba. Mwalimu yeyote wa madarasa ya chini angeweza kutueleza sababu yake. Huo ndio umri ambao mtoto huanza kujua kwamba neno moja humfurahisha huyu na kumuudhi yule.

Basi sasa tazama mchezo unavyochezwa. Tuseme baba anafanya kazi bandarini na amepanga chumba na sebule Chikongola. Mama amerudi kwao Msanga Mkuu, ng'ambo ya ghuba, ambako ni mwendo mfupi tu kwa kivuko au kwa mashua. Baba akitaka kumchukua mtoto husema, "Dini imeniruhusu, mwenzangu ameolewa." Mama hujibu, "Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kamwulize mjomba wake." Hapo kila mtu amesimama juu ya lake. Lakini ngoja lifike suala la chakula. Baba yule yule aliyekuwa Mwislamu safi Jumatatu huwa Mmakonde halisi Jumanne: "Si mmesema mtoto ni wa mjomba? Basi mjomba na amlishe!" Na mama aliyekuwa akiutetea ukoo huigeukia serikali: "Sheria inasema baba ndiye wa kutunza." Kwa hilo mama amesema kweli, maana Sheria ya Ndoa inamwekea mwanamume wajibu wa kuwatunza watoto wake hata wakiwa mikononi mwa mtu mwingine. Lakini mtoto anayesikiliza mlangoni hapati funzo la sheria. Anajifunza kwamba anapokuwa wa kujivunia kila mtu anamtaka, na anapokuwa wa kulishwa kila mtu ana mwenyewe wa kumpelekea.

Yako matata mengine yaliyoongezeka katika mji wa Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, mwaka ambao pia kiwanda kikubwa cha saruji kilifunguliwa karibu na mji huo. Kazi hizo na nyinginezo zimewaleta vijana kutoka Kilimanjaro, Mara, Shinyanga na kwingineko, na vijana wakikaa mahali huoa. Mwanamume wa huko bara aliyelelewa akijua kwamba mtoto ni wa baba na ukoo wa baba humwoa binti aliyelelewa akijua kwamba mtoto ni wa mama na ukoo wa mama. Ndoa ikiwa njema, tofauti hiyo ni ya kuchekea wakati wa chakula. Ndoa ikivunjika, pande zote mbili zinadai mtoto kwa moyo safi kabisa, kila upande ukiuona wa pili kuwa ni wezi. Ugomvi wa watu wanaojiona wana haki ni mgumu kutuliza kuliko ugomvi wa wakorofi. Tungewashauri vijana wetu walizungumze jambo hili siku za uchumba, lakini nani husikia ushauri siku za uchumba?

Turudi kwenye chakula, kwa maana hapo ndipo mashindano yanapouma zaidi. Mfanyakazi wa mshahara huhesabu matunzo ya mtoto kwa mwezi. Mkulima wa korosho hana mwezi. Ana msimu. Mavuno makubwa ni kati ya Oktoba na Desemba, korosho hupelekwa chama cha msingi, huuzwa kwa mnada, na fedha huja kwa mafungu. Kipindi hicho pikipiki mpya huonekana, nyumba huezekwa bati, na kila mwenyeji wa kusini anajua kwamba ndoa mpya pia hufungwa na za zamani kufunguliwa. Baba aliyekuwa haonekani tangu Machi huibuka Novemba na baiskeli, viatu vinavyowaka taa kisiginoni, na simu ya kuchezea. Mtoto hufurahi, na nani atamlaumu? Mama, ambaye ndiye aliyemlisha miezi yote ya njaa, hutazama mwanawe akizunguka uwanja kwa baiskeli akimsifu baba. Moyo wake huumia, naye husema neno ambalo angelizuia laiti angekuwa na mtu wa kumwambia kwanza. Husema, "Baiskeli hailiwi." Mtoto huishusha miguu chini. Tangu hapo kila aipandapo baiskeli ile anaona anamkosea mama.

Januari shule hufunguliwa. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, lakini shati, kaptura, sketi, viatu na madaftari havikuondolewa. Kisha huja miezi ya mvua ambayo ghala ni tupu na shamba bado halijatoa. Baba mwenye korosho akitaka kumtunza mwanawe, fedha ya Novemba aigawe siku ile ile aipatapo: sehemu ya sare iwe mkononi mwa anayemlea kabla ya Krismasi, na sehemu ya chakula cha Januari hadi Machi inunuliwe kuwa mahindi au mchele, uwekwe. Kikibaki kitu, na anunue baiskeli. Na mama akipokea vitu hivyo, amwambie mtoto vimetoka kwa nani. Ni maneno manne tu, "Ameleta baba yako, mshukuru." Tunajua kwamba kwa mama aliyedhulumiwa maneno hayo manne ni mazito kuliko gunia lenyewe.

Chini ya ugomvi wa watoto kusini aghalabu kuna ugomvi wa mikorosho. Mkorosho si muhindi wa kuvuna ukamalizika. Huzaa kwa miaka mingi. Mwanamume aliyepanda miti katika ardhi ya ukoo wa mkewe anapoachana naye hujiuliza miti itakuwa ya nani, na anapozeeka hujiuliza kama ataiachia wanawe au wapwa zake. Basi huja wazo kwamba aliye na watoto ndiye atakayebaki na miti. Hapo mtoto hupimwa kwa thamani ya shamba, na anayemng'ang'ania si lazima awe anamtaka yeye. Mali ya ndoa ina mlango wake. Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kuigawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Mikorosho na ipelekwe huko, mtoto asiitwe kuwa shahidi.

Mahali pengine pa kushindania ni jando na unyago. Wasomaji wa mikoa mingine huenda wasijue uzito wake. Kwa watu wa kusini siku ya mwali kutoka ndani, au ya wavulana kurudi kutoka jandoni, ni siku ya ukoo mzima: ngoma, pilau, nguo mpya, zawadi, na hesabu ya nani alitoa nini. Wazazi walioachana hufanya kila mmoja yake. Mama na mjomba huandaa unyago kijijini wakati wa likizo ya katikati ya mwaka. Baba naye, asionekane mnyonge, hufanya sherehe nyingine mjini Desemba, na mtoto huketishwa tena kitini, akapambwa tena, akachezewa tena, hali akijua kwamba wageni wa leo wamekuja kulinganisha na wa juzi. Kibaya zaidi ni yule anayemtahiri mtoto kwa kificho ili mwenzake akute mambo yamekwisha. Mvulana amelala na kidonda chake, anahitaji utulivu na supu, na nje ya dirisha watu wazima wanagombana nani alikuwa na haki ya kumpeleka. Maumivu ya kidonda huisha baada ya siku chache, lakini yale aliyoyasikia dirishani hukua naye.

Je, watoto hufanyaje katika hali hizi? Hawafanani. Wadogo hurudi nyuma: aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena, aliyelala peke yake hutaka kushikwa mkono. Wengi wa umri huo hudhani kwamba wao ndio waliosababisha, kwamba lile kombe walilolivunja au ule utukutu wao ndio uliomfukuza baba, na hakuna atakayewaondolea dhana hiyo kwa sababu hakuna anayejua kwamba wanayo. Inafaa waambiwe kwa maneno wazi, tena zaidi ya mara moja. Wa miaka minane hadi kumi na miwili huwa wanadiplomasia. Kwa mama humsema baba, kwa baba humsema mama. Si wanafiki, ila wanalipa ushuru wa kupita. Na wapo wanaogundua kwamba ushindani una faida, wakajifunza kusema "Baba angeninunulia" kwa sauti inayofungua mkoba wa mama. Mzazi asikasirike sana akisikia hivyo; soko hilo hakulifungua mtoto. Binti mkubwa naye hugeuzwa shoga wa mama, akapewa siri za ndoa ambazo hata mama mdogo angezisikia kwa taabu. Watu humsifu, "Huyu ana akili za kiutu uzima." Ukimsikia mtoto wa miaka kumi na tatu akisifiwa hivyo, mtazame kwa huruma.

Wapo wazazi wenye nia njema wanaosema, "Basi tumwulize mwenyewe." Tumekwisha kuona kwamba fikihi inampa mtoto nafasi ya kuchagua na sheria ya nchi inataka maoni yake yasikilizwe. Lakini yapo masharti. Sheria inataka maoni hayo yawe yake mwenyewe, yasiwe ya kutiwa mdomoni, na mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii achunguze hali ya mtoto na kutoa taarifa kabla ya uamuzi. Hayo ni mbali sana na kumsimamisha mtoto uani mbele ya shangazi watatu, baba upande huu na mama upande huu, akaulizwa, "Sema, unamtaka nani?" Kwa masikio ya mtoto swali hilo maana yake ni, "Sema, tumuumize nani?" Kama ni lazima aulizwe, na aulizwe yale anayoyajua. Shule gani ana marafiki? Siku za masomo nani humwamsha asubuhi? Akilala huku, wadogo zake watalala wapi? Majibu ya maswali hayo yatamwonyesha mtu mzima njia, na mtoto atakuwa hajamkana yeyote.

Kabla shauri la talaka halijafika mahakamani, kwa kawaida sheria inataka lipite kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Wengi huliona Baraza kama kizingiti cha kuruka tu. Huenda pale wakatukanana, wakachukua hati yao, wakaondoka. Tunaona kwamba wanapoteza nafasi nzuri. Ndoa ikishindikana kupatanishwa, bado wazee wa Baraza wamekaa, wameacha kazi zao, na pande zote mbili ziko mbele yao. Yaulizwe mambo ya watoto: siku za shule watalala wapi, likizo ya Juni kwa nani na ya Desemba kwa nani, unyago utasimamiwa na nani na mwingine atakaa kiti gani, matunzo yatatolewa mwezi upi. Yaandikwe, ili shauri likifika kwa hakimu aone walichokwisha kukubaliana. Na kwa mpaka ule, ambako Msumbiji iko ng'ambo ya Ruvuma na ndugu wa ukoo mmoja wako kingo zote mbili za mto, ikumbukwe kwamba mahakama inaweza hata kumkataza mzazi kumtoa mtoto nje ya nchi. Mzazi anayetishia, "Nitamvusha, hutamwona," na ajue kwamba tishio hilo linaweza kuzuiwa kwa amri.

Sasa nyumba ya tatu. Uhamisho wa vijijini wa miaka ya 1970 uliwasogeza watu karibu na shule, zahanati na barabara, na wakati huo huo uliwachanganya watu wa koo mbalimbali katika mitaa iliyonyooka, hata mjomba akajikuta si lazima awe jirani. Baadaye ukaja mji. Mume na mke waliopanga vyumba viwili Magomeni au Majengo ya Mtwara hawana mjomba uani. Siku wanayoachana, nyumba iliyokuwa moja inakuwa mbili, zote mbili ni uwanja wa vita, na mtoto hana pa kwenda ambako jina la baba na jina la mama hutajwa kwa sauti moja.

Basi itafutwe. Yaweza kuwa kwa bibi, kwa mjomba, kwa shangazi, kwa baba mkubwa, hata kwa jirani wa siku nyingi ambaye hakuwa wa upande wowote. Lakini si kila nyumba ya ndugu ni nyumba ya tatu. Bibi ambaye ndiye mwendesha mashtaka mkuu dhidi ya mkwewe hana nyumba ya tatu. Ana tawi la nyumba ya kwanza. Mjomba ambaye kila akimwona mpwawe huguna na kusema, "Umefanana na baba yako, na tabia ni hizo hizo," naye hafai, ajapokuwa mila imempa cheo. Sifa ya mwenye nyumba hiyo ni moja tu iliyo ngumu, kwamba ayameze maneno. Mtoto akifika asiulizwe mlikula nini. Akitaka kulia alie, akitaka kucheza bao acheze, akitaka kusema kwamba anampenda baba yake mlevi aseme asisahihishwe. Wala mwenye nyumba asipeleke habari upande wowote, maana siku atakapofanya hivyo hata mara moja, mtoto ataongeza nyumba yake katika orodha ya mahali pa kujibu "Sijui."

Wazazi wote wawili wakubaliane juu ya nyumba hiyo, hata kama hawakubaliani juu ya kitu kingine duniani. Hawana haja ya kukutana. Mtoto akabidhiwe hapo na achukuliwe hapo, ili baba asije mlangoni kwa mume mpya wa mama, na mama asibishe hodi kwa mke mpya wa baba. Ujumbe wa fedha, homa, kikao cha wazazi shuleni au tarehe ya likizo upitie kwa mtu mzima huyo, au uandikwe katika simu, usiwekwe mdomoni mwa mtoto. Na sare moja ya shule, jozi moja ya viatu na madaftari ya akiba vikae huko siku zote, kwa maana Jumatatu asubuhi kengele haimngoji mtoto ambaye shati lake limebaki ng'ambo ya ghuba.